Wadhamini wa Mnada wa Mbuzi

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa kinyozi Durban kwa sababu ya shida tu. Kwao Kongo alikuwa mtu wa soko la ng'ombe, na kila aliponyoa kichwa pale Umbilo alikitazama kana kwamba anakikadiria uzito. Mwaka 2012 akaona inatosha. Akauza viti vya saluni, akakodi uwanja wenye zizi nje ya mji ili afungue mnada wa mbuzi. Wakongo na Warundi wanaoana kila Jumamosi, Wazulu nao hawakosi shughuli ya mbuzi. Biashara ingekataa vipi?

Kilichokataa ni kibali. Sharti lilikuwa dhamana: kampuni ya bima isimame nyuma yake, ili mwenye mnada akitoroka na fedha za wauzaji, wauzaji walipwe. Shemeji alifurahi kusikia hivyo, maana dhamana aliijua tangu utotoni. Sokoni kwao mnunuzi mgeni huja na mtu anayejulikana, wakashika kamba ya ng'ombe pamoja mbele ya watu. Fedha zisipolipwa, watu wanakwenda kubisha kwa yule anayejulikana.

Basi tukaenda ofisi ya bima kwa kundi: mchungaji, mzee wa kanisa, muuza simu mmoja, na mimi mkalimani. Wote suti za Jumapili, siku ya Jumanne, jasho linatutiririka. Mama aliyetupokea alidhani tumekuja kuhubiri.

"Mwambie, hawa njo garantie yangu," shemeji akaniambia.

Nikatafsiri: hawa ndio dhamana yake. Yule mama alitutazama mmoja mmoja, kwa adabu nyingi, akauliza nani kati yetu ana nyumba kwa jina lake. Mchungaji akataja kanisa, ambalo tulilikodi kwa saa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kisha yule mama akaomba kitambulisho cha shemeji, akapewa karatasi ya ukimbizi, yenye muhuri wa serikali kuthibitisha kwamba mtu huyu aliwahi kukimbia. Akaisoma mpaka mwisho.

"Anauliza watajuaje kwamba hutakimbia," nikasema.

"Mwambie madame, miye nilishakimbia. Sina tena fasi ya kukimbilia."

Nilitafsiri vizuri sana, kwamba hana tena mahali pa kukimbilia, na hadi leo najivunia tafsiri ile. Yule mama akamrudishia karatasi yake, akasema hapana, kwa upole unaouma kuliko matusi.

Shemeji akarudi kunyoa, safari hii wateja wakikalia kreti za soda. Miaka mitatu baadaye watu waliingia mtaani kuvunja maduka ya wageni, na saluni ikaenda na mengine. Sisi hakuna aliyekuwa ametuwekea dhamana. Asubuhi yake shemeji alipanda basi na dada na watoto, bila hata kuniaga.

Alinipigia simu kutoka Zambia. Nilijiandaa kumsikia akilia.

"Ambia ule madame," akasema, "fasi ya kukimbilia iko."