Mto Ulipojaa, na Ndege Tuliyoingoja

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, tukiswaga ng'ombe wa mahari ya kaka yangu kutoka Nkololo kwenda Ipililo. Tulikuta Mto Simiyu umejaa, maji mekundu kama udongo wa kichuguu. Wakwe walikuwa wamesimama ng'ambo, karibu hata meno yao tuliyaona. Babu yetu, tuliyemwita Guku, akaingia na fimbo. Maji yalipofika kiunoni, na fimbo aliyoichomeka mbele yake isiguse chini, akageuka.

"Guku, wanatuona!" kaka alilalamika. "Watasema tumeogopa maji."

"Waseme. Maneno hayajamzamisha ng'ombe hata mmoja."

Ng'ambo mtu akapaza sauti: "Bwana harusi, tuje tukubebe mgongoni?" Wakacheka. Kaka akainamisha kichwa.

Hatukukaa sana, mti mzima na mizizi yake ukapita palepale, ukibingirika kama mnyama. Kicheko kikakatika. Guku akawageuza ng'ombe.

Miaka mingi baadaye, binti yangu Kabula alikuwa akirudi nyumbani kwa ndege. Kabla ya kupanda alinipigia simu: "Baba, msile bila mimi." Ndege ikaanguka ikikaribia kutua.

Wachunguzi walitueleza sisi wafiwa, polepole. Ndege ilikuwa nzima, injini zinavuta. Wingu lilifunika uwanja, na rubani akaendelea kushuka akitumaini ataiona njia mbele kidogo. Chombo cha tahadhari ndani ya ndege kilimwonya apae. Mafuta ya kuzunguka tena yalikuwepo.

Nilishangaa, na hadi leo nashangaa. Ndege iliyovuka mbingu yote ikashindwa na kipande kile cha mwisho, kifupi kama upana wa mto wetu.

Rubani simhukumu. Sikuwemo ndani ya lile wingu, na kwao pia walilia. Labda aliwawaza wanaongoja. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kuku alikuwa tayari jikoni.

Wazee walisema, kawia ufike. Mwanangu, ukikaribia kufika na njia huioni, geuka, hata kama watu wanakutazama. Na ukiwa wewe ndiye unayengoja, usimcheke aliyerudi. Mpikie tena kesho.

Mungu akupe macho ya kuona chini ya maji. Akikunyima hayo, akupe moyo wa kugeuka. Wanaokungoja na wangoje, mradi wakupokee ukiwa hai.