Picha za Euphrasie zilizogeuka nyeusi

KINDU. Jua limeshapanda juu ya Lualaba. Katika ua wa Euphrasie Tambwe, mtaa wa Kasuku, shuka jeupe limetundikwa ukutani. Mbele ya shuka, kwenye kiti cha plastiki, amekaa Princesse, msichana anayeomba nafasi katika shule ya uuguzi. Anahitaji picha nne za pasipoti kabla ofisi haijafungwa.

Euphrasie hapigi. Anasogeza ubao aliobandikia karatasi za kung'aa za pakiti za sigara, anauelekeza kwenye shavu la kushoto la msichana, anatazama, anausogeza tena.

"Mama, telefone yangu inapiga mara moja tu," anasema Princesse huku akicheka.

"Leta niione."

Katika picha ya simu, ukuta unapendeza. Uso ni kivuli, macho hayaonekani.

"Mashini inaona hii nguo nyeupe, inazania mwanga ni mwingi, inapunguza," Euphrasie anamweleza bila haraka. "Inasahau kama wewe njo muntu ya kupigwa, hapana nguo."

Anazungusha kigurudumu cha kamera yake, anaongeza mwanga kwa kupimia shavu, si ukuta. Anabonyeza mara moja. Mashine ndogo ya kuchapia, iliyounganishwa na betri ya pikipiki, inatoa picha moja moja. Safari hii Princesse anajiona mwenyewe, mpaka kovu dogo la juu ya nyusi. Anaomba mbili za ziada.

Euphrasie ana miaka hamsini na miwili, na zaidi ya nusu ya hiyo ameishi kwa kupiga picha. Kazi alifundishwa na baba yake mdogo, Ismaël, aliyekuwa na studio karibu na stesheni ya gari la moshi. Kwake alijifunza kuvingirisha filamu gizani kwa kupapasa, kuchanganya dawa, na kuchonga penseli mpaka iwe kama sindano ili kuziba madoa kwenye filamu.

"Bibi harusi alikuwa anaingia na chunusi, anatoka bila chunusi," anasema. "Watu wanazania uongo wa picha umekuja na telefone."

Ismaël alifariki mwaka mmoja kabla ya vita vya 1998 kulipuka. Studio ikabaki mikononi mwa Euphrasie. Muda si mrefu treni zikasimama, na zenyewe ndizo zilizokuwa zikileta filamu. Mtoni boti hazikupita. Mwaka uliofuata hapakuwa na filamu hata moja mjini.

Lakini katika kabati la marehemu kulibaki makasha ya karatasi za kuchapia picha na chupa kadhaa za dawa. Euphrasie alimwendea Okito, fundi seremala, akamwomba sanduku la mbao lisilopenyeza mwanga. Mbele alipachika lenzi ya kamera ya Ismaël iliyoharibika. Nyuma, mahali pa filamu, aliweka karatasi.

Mtu alikaa bila kupepesa, Euphrasie akafunua lenzi, akahesabu kimoyomoyo, akaifunika. Picha iliyotoka ilikuwa kinyume: meno meusi, nywele nyeupe. Akailaza juu ya karatasi nyingine chini ya kioo, akafungua dirisha kwa kufumba na kufumbua, na sura halisi ikapatikana.

"Watu walitaka picha sana wakati ule," anakumbuka. "Familia zilikuwa zinakimbia, huyu huku, huyu kule. Mama anapigwa na watoto wake wote, kila mumoja anabeba yake. Wakipotezana, iko kitu ya kuonesha."

Ndivyo sifa ya sanduku ilivyomfikia mkuu mmoja wa askari waliokuwa wameshika mji. Mwaka 2002, mapigano yalipokaribia, alimwita na kumwamuru apige picha vijana wote wa kiume wa mtaa wake, mmoja mmoja, uso kwa mbele.

Sababu hakupewa. Hakuihitaji. Katika mtaa wa jirani vijana walikuwa wameandikishwa, na baada ya hapo baadhi yao walichukuliwa majumbani na hawakuonekana tena.

Kukataa hakukuwezekana. Vijana walipangwa foleni chini ya mtutu, mmoja wao akiitwa Dieumerci, mwenye miaka kumi na tisa. Euphrasie aliwapiga picha wote, na askari mmoja akasimama mlangoni akisubiri.

Picha ya karatasi hupita katika dawa mbili. Ya kwanza huitokeza. Ya pili huikaza, ili mwanga usiidhuru tena. Euphrasie alizipitisha picha zile katika dawa ya kwanza tu. Ya pili aliiruka, akazisuuza kwa maji, akazikausha katika chumba chake cha giza na kuzitia katika bahasha. Zile za kinyume alizitia motoni, kwenye mbabula, chini ya sufuria ya maharagwe.

"Nilimupa askari bahasha, nikarudi kukoroga maharagwe."

Jioni ile mkuu alizitazama picha kwa taa, akaridhika. Kesho yake zilitandazwa mezani, dirisha wazi. Kufikia mchana zilianza kuwa za zambarau, kisha kahawia, kisha nyuso zikazama zote katika weusi.

Walimfuata. Mkuu alimuuliza kwa sauti ya chini amefanya nini. Euphrasie alimwonyesha chupa ya dawa ya kukazia, ambayo kweli ilikuwa karibu tupu. Alisema imekwisha nguvu, na nyingine haiwezi kupatikana mpaka ndege ilete.

Mkuu aliinusa chupa. Hakuwa na la kupinga wala hakuamini. Sanduku lilivunjwa kwa kitako cha bunduki, kisha ikawa zamu ya mkono wa kushoto wa Euphrasie. Vidole viwili havikunyooka tena. Mpaka leo lenzi huitegemeza kwa kifundo cha mkono. Alifungiwa kambini hadi wanawake wa parokia walipokwenda kumwombea aachiliwe.

Wakati huo vijana wengi walikuwa wameshavuka Lualaba kwa mitumbwi.

Dieumerci leo anasimamia upakiaji wa boti bandarini na ana watoto watano. "Tulijua foto zilikufa," anasema. "Kama ni yeye aliziua, nimejua mwaka jana tu. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia, 'Ungelisema ku pombe.' Na ni kweli."

Simu zimempunguzia Euphrasie kazi. Harusi zilizokuwa kila Jumamosi sasa ni moja kwa mwezi, kama ipo. Halalamiki. Kiangazi kikikausha barabara, atafunga betri na mashine ya kuchapia nyuma ya pikipiki na kuelekea Obokote, alikozaliwa, kuwapiga picha wazee ambao hawajawahi kuwa nayo.

Ataanza na mama yake mzazi. Kwa miaka yote hiyo bi mkubwa huyo alimkatalia. Picha, alisema, ni za watu wa kusafiri. Yeye anakwenda wapi?

Mwezi uliopita alimtumia bintiye ujumbe kwa mpita njia: aje na mashine, na picha iwe kubwa, ya kutundika ukutani.

"Sikumuuliza kwa nini amegeuka," anasema Euphrasie, akikunja shuka jeupe. "Amechagua mpaka kitenge."