Nguruwe Ambaye Sikumla

Mara ya kwanza nilianguka sokoni Migori nikimpimia mteja dagaa wa omena. Nilipozinduka ulimi ulikuwa umejeruhika, sketi imelowa, na wachuuzi wenzangu wamesimama mbali. Waliamini povu la kifafa linaambukiza.

Tangu siku hiyo nyumba ikawa gereza. Mama mkwe alinikataza jikoni nisije nikaangukia moto. Alinikataza mtoni. Alimchukua mwanangu anayenyonya akampeleka kwa mke wa shemeji, nyumba ya pili. Akienda shambani alinifungia mlango kwa nje. Hakuwa mkatili, alinipikia na kuniombea. Lakini nilikuwa nikimsikia mtoto akilia kule, maziwa yananichuruzika, na siwezi kutoka.

Mume wangu alipochoka kungoja nipone, alinipeleka hospitali Homa Bay. Nilipigwa picha ya kichwa, na daktari akatuonyesha vidoa vyeupe kwenye ubongo.

"Kwenu kuna nguruwe?"

"Wako, wanazurura tu bomani. Lakini mimi nimelelewa Kisabato, daktari. Sijawahi kuonja nguruwe."

"Si lazima uwe umemla. Mtu akila nyama yake haijaiva, anaweza kupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na choo chake. Asiponawa mikono vizuri, wewe unayameza kwenye chakula, halafu mabuu yanapanda mpaka kichwani. Nyumbani mnakula chungu kimoja?"

"Tangu niolewe."

Akaagiza watu wote wa boma wapimwe. Aliyepatikana na tegu alikuwa mama mkwe.

Alikaa kwenye benchi la zahanati, dawa imo kiganjani, hajaimeza.

"Nyathina," aliniita kwa Kijaluo, yaani mwanangu, "kumbe ni hii mikono yangu?"

"Hakuna anayejua, Mama. Meza dawa."

Nilitamani kumkasirikia. Nilishindwa.

Siku hizi naanguka mara chache, na vidonge vya kifafa nameza mwenyewe bila kulazimishwa. Nguruwe wamejengewa banda. Mtoto amerudi kwangu. Mlango haufungwi tena, lakini mama mkwe haniachi hata kidogo. Nikienda kuchuma mboga, yuko nyuma yangu. Nikisema nataka kurudi sokoni, analia mpaka mume wangu ananiomba ninyamaze. Nikiingia chooni anasimama nje, ndoo ya maji na sabuni mkononi.

"Uko sawa?"

"Niko sawa, Mama."

Nikichelewa kujibu, anausukuma mlango.