Siku Niliyosoma Nyayo kwa Sauti

Mnacheka kwamba mtu mzima kama mimi nikiulizwa kama alama iliyo njiani ni ya mbuzi au ya mbwa nasema sijui, mimi ni fundi wa cherehani. Chekeni tu. Leo nitawaambia sababu, na nikimaliza msinihurumie, maana aibu hii niliishona kwa mkono wangu mwenyewe.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipotutoa mashambani wakatusongamanisha katika kijiji kimoja huku upande wa Gitothua, handaki pande zote, na kutoka mpaka ruhusa. Mimi nilikuwa nimezoea mji wa Thika, uzi na sindano, sijui hata kwale analia vipi (kuku wa mama tu walinishinda akili), na wakwe zangu walikuwa wakinong'ona kwamba Wambui wao, mke wangu na mama wa Njeri wetu, ameolewa na mtu asiyeweza kujitafutia hata kuni. Iliniuma sana. Basi guka, babu yangu mzaa baba, ambaye ujanani alikuwa mtegaji, akaanza kunifundisha kila tuliporuhusiwa kwenda shambani: soma nyayo asubuhi, jua likiwa chini, utaona kivuli ndani ya alama, gusa ukingo, ukibomoka ni wa jana, kwale wakiruka ghafla usiwatazame wao, tazama walikotoka. Nilipenda, jamani, nilijiona kama mtu aliyerudishiwa macho. Sharti lake lilikuwa moja tu: "Ukishaona, nyamaza. Uliyemwona hakukutuma umtangaze."

Asubuhi moja tulikuwa tumekusanywa kuchimba handaki, wake kwa waume, mkuu wa walinzi wa kijiji akaja amefura kwa sababu viazi vitamu vyake, shamba la kando ya handaki, vimefukuliwa. "Hapa nani anajua mambo ya wanyama?" akauliza. Guka akainamia jembe lake. Na mimi (ningelikatwa mkono huo) nikauinua, kwa sababu niliwaona wajomba wa Wambui wamesimama pale, nikasema moyoni leo watanijua, na tena ni mnyama tu, ubaya uko wapi?

Nikachuchumaa shambani, watu wamenizunguka. "Ngiri," nikasema, "jike na watoto wawili, hapa wamepiga magoti wakila." Watu wakapiga makofi, mkuu akanigonga bega, "Kumbe fundi naye ni mtu!" Ningeishia hapo ningekuwa mtu hadi leo. Lakini kichwa kilikuwa kimeshavimba, na pembeni nikaona alama nyingine, nikaisoma yote bila kupumua: "Na hapa amepita mtu, mwanamke, ana mzigo mgongoni maana vidole vimezama kuliko kisigino, mguu wa kushoto anauburuta, na umande ulikuwa haujakauka." Wanawake wakaacha kuchimba. Mimi nilidhani wananistaajabia.

"Endelea," mkuu akasema, na sasa hakuwa akicheka.

Ningeweza kusema alama zimeishia kwenye mawe. Mawe yalikuwepo, na nilishaanza kuelewa ninakokwenda. Bunduki zikiwa nyuma yako miguu inajiendea, lakini sitawadanganya, kiburi pia kilikuwepo, nilitaka kufika mwisho nionekane sikukosea. Tukateremka hadi kwenye matete ya mto. Kwale wakaruka. Nikanyoosha kidole walikotoka.

Alikuwa ameketi na kiondo cha viazi vya kuchemsha na kibuyu cha uji. Mama yake Wambui. Mtoto wake wa kiume alikuwa ameingia msituni kupigana na wakoloni mwaka uliotangulia, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuuliza chakula ni cha nani.

Kwetu mkwe hakutani uso kwa uso na mama mkwe. Ukimwona anakuja unampisha, unaingia kichakani, unageuka mpaka apite. Miaka mitano nilikuwa nikigeuka. Nyayo za ngiri nilizijua, na za mama aliyenipa mke sikuwahi kuzitazama. Na pale pale kwenye matete, Ngai wangu, mwili ukafanya ulichozoea: nikageuka, nikampa mgongo kwa heshima.

Mkuu alicheka hadi akajishika kiuno. "Mtazameni! Umetuleta kwake wewe, sasa unamwonea haya?" Walinzi wote wakaangua kicheko, na mimi nimesimama nikitazama matete, nikasikia viazi vinamwagwa chini na kukanyagwa.

Yeye hakusema nami, hata siku hiyo alishika adabu. Alimwambia mlinzi aliyemfunga kamba: "Mwambie Baba Njeri amesoma vizuri."

Alikaa kizuizini zaidi ya miaka miwili. Mtoto wake hatukumwona tena, na siku ile alingoja chakula mpaka saa ngapi, sijui. Wambui aliendelea kunipikia. Aliweka sahani, akatoka nje. Guka hakunitukana. Alianza tu kwenda shambani bila kuniita. Ulimi huponza kichwa, wanasema, ila wangu uliponza kichwa cha mwenzangu, na niliapa hautasoma tena alama yoyote mbele ya watu.

Mama mkwe alirudi, mguu umezidi kuwa mbaya. Tukikutana njiani nampisha, nageuka kama zamani. Akishapita ndipo natazama chini: vidole vitano, kisha mstari kwenye vumbi mahali mguu wa kushoto umeburuzwa. Nafuta kwa soli ya kiatu, moja baada ya nyingine, mpaka pale alipokata kona. Najua hakuna anayemtafuta siku hizi, lakini nafuta.