Sufu ya Kijivu

Mama mkwe wangu hakunipiga hata siku moja. Nalisema hilo mapema, maana ndugu wa mume wangu kule Misungwi bado wanasifu wema wake, na sina nguvu za kubishana nao.

Mitumba ilikuwa imeanza kujaa Mwanza. Nikiwa na mimba ya kwanza, nilinunua sweta nzito za sufu ambazo hakuna aliyezitaka kwa joto letu. Nilizifumua, nikaosha nyuzi, nikazikausha nimezizungushia mgongo wa kiti ili zinyooke. Kisha nikakaa kibarazani kwetu Mkolani nikifuma blanketi la mtoto: mshono mmoja wa mbele, mmoja wa nyuma, na mstari unaofuata ukaenda kinyume chake. Ufumaji huo hutoa vipunje kama mchele, na hushika joto vizuri. Sufu yote ilikuwa ya kijivu. Iliponipungukia, niliunga uzi wa buluu.

Mama mkwe alikuja kunisaidia kungoja uzazi, akakuta blanketi linakaribia kuisha.

"Mtoto umeshamwona?" aliuliza.

"Bado, mama."

"Sasa unamfumia nani? Unataka kumtafutia mwanangu mkosi?"

Kwao mtoto hanunuliwi hata kitambaa kabla hajalia. Mimi, kwa ujinga wangu, nilidhani mwiko huo ni wa vitu vya dukani tu. Mama mkwe alichomoa sindano, akashika ncha ya uzi, akavuta taratibu, blanketi likafumuka lote. Aliniamuru ninyooshe mikono nishike nyuzi, yeye azungushe madonge. Nikanyoosha, mke mwenye adabu.

Mtoto alikuja hospitalini kabla ya wakati wake, msimu wa mvua. Alikuwa wa kike, mdogo mno.

"Huyu anahitaji joto," muuguzi alisema. "Blanketi lake liko wapi?"

Mume wangu alikimbia nyumbani, akarudi na shuka letu na, kwa kuchanganyikiwa, yale madonge na sindano. Nikafuma palepale kitandani, mtoto akiwa kifuani mwangu ndani ya kanga na shuka. Mama mkwe alisimama pembeni akinihimiza.

"Fanya haraka, mwanangu! Fanya haraka!"

Kipande kilikuwa kimefikia upana wa kiganja mtoto alipoacha kupumua. Tulimzika na kanga.

Msibani, mbele ya wanawake wote, mama mkwe alinigeukia.

"Umeona? Nilikwambia."

Nilimchukia, na hata sasa amekufa bado namchukia. Alipoondoka alibeba sufu yote pamoja na kile kipande. Alisema si vizuri vibaki machoni pangu.

Baadaye wifi yangu alijifungua, na mama mkwe akamleta mjukuu Mkolani tumwone. Lilikuwa jua la mchana, lakini mtoto alivalishwa sweta ya kijivu yenye mstari wa buluu begani, mahali ulipoangukia ule uzi wangu wa kuunga. Wifi hakujua lolote. Aliniuliza kama si nzuri, nikajibu ni nzuri.

"Mbebe," mama mkwe aliniambia, akimweka mapajani mwangu. "Mbebe, uzoee."

Nikambeba. Alikuwa mnene, mzima, na ile sufu ilikuwa imemtoa jasho shingoni.