Viti Arobaini vya Jaha

Jaha alipoingia dukani kwangu mara ya kwanza hakununua kitu. Alisimama mlangoni, akalitazama banda langu la ngozi ng'ambo ya njia.

"Lile linalonuka, unalitaka sana?"

Ulikuwa mwaka wa pili tangu reli ya Wadachi ifike Dodoma. Jaha alizaliwa kambi ya wapagazi Kilimatinde, akawapikia wajenzi wa reli tangu Morogoro, na njiani akajifunza kuwaigiza wote: karani mwenye kithembe, nyapara mlevi, bwana mhandisi anayekimbia nyuki. Sasa alitaka nyumba ya michezo.

"Wagogo waje wakae kukutazama wewe?" nikamcheka. "Bibi, hapa watu hukalia pombe tu."

"Tuwekeane dau basi. Siku ya kwanza nikijaza viti arobaini humo, banda linakuwa langu moja kwa moja. Kimoja kikibaki kitupu, chukua ngoma zangu na pazia."

Nilikubali upesi, ngoma zilikuwa nzuri. Tena nikamuuzia masanduku arobaini ya mafuta ya taa ya kukalia, mabovu yote.

Jumapili iliyofuata alasiri kilibaki kiti kimoja kitupu. Akaja Sila, mfugaji wa Hombolo, akakaa, akageuza shingo. Ubavuni pake: mama mkwe wake! Mgogo gani akae bega kwa bega na mkwewe? Alijifunika shuka kichwani akatoka mbio. Wanaume wengine nao wakaanza kukagua majirani zao, na kumbe nusu ya banda walikuwa wakwe. Walitoka kama nyumba inaungua. Vitupu kumi na saba.

"Jaha," nikaita, "hilo pazia halina madoa?"

"Ngoja kwanza, baba wa ngozi."

Akaling'oa pazia jukwaani, akalitundika katikati ya banda, toka mlangoni hadi mbele. Wanawake kushoto, wanaume kulia.

"Sila! Rudi, hakuoni."

"Akinisikia nacheka?"

"Atajua binti yake kaolewa na mtu mwenye raha. Kaa!"

Wakarudi wote. Nilihesabu mara mbili, ya pili kwa hasira.

Ila jukwaani hapakuwa tena na pa kujificha. Kijana wake aliyeigiza nyapara akavua suruali mbele za watu ili avae kanga awe mke wa karani. Watu wakacheka hadi sanduku moja likapasuka. Nikadai kiti kimepungua. Jaha akanionyesha aliyekuwa amelikalia, bado amekaa palepale, chini, anafuta machozi.

Banda likaenda. Mvua zikaniozeshea mafungu manne ya ngozi nje. Nikahamishia tumbaku na karanga mlangoni pa Jaha, nikawauzia watazamaji wake, na hadi vita vya Wadachi na Waingereza vinaanza nilishapata banda jingine, la mawe.

Yeye alipata nyumba yake, ikijaa kila Jumapili. Lakini kila akianza kisa alichokitunga njia nzima ya reli, pande zote mbili za pazia zilipiga kelele, "Vueni!" Hakuna kisa hata kimoja alichowahi kukifikisha mwisho.