Chapa ya Viatu

Nilirudi Lamu kutoka chuo kikuu cha Misri nikiwa na mwavuli mweusi, masanduku ya vitabu na jiwe. Vitabu havikumshangaza mtu, kwa kuwa msomi hutarajiwa kuwa navyo. Jiwe ndilo lililowatoa majirani nje. Wapagazi walilibeba kutoka bandarini wakipumzika kila kona, na kila walipopumzika waliulizwa ni kaburi la nani.

Mama yangu alilizunguka lilipotuliwa uani, akalipapasa.

"Mwanangu," akasema, "jiwe la kusagia tunalo."

Nilimweleza kuwa ni jiwe la kupigia chapa. Unachora juu yake kwa kalamu yenye mafuta, unalilowesha maji, unapitisha wino. Wino hushika penye mafuta na kukimbia penye maji. Ukilaza karatasi na kugandamiza, mchoro hutoka, na ukitaka mwingine kama huo unarudia tena mpaka uchoke. Jirani mmoja alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole kama hilo ndilo nililokwenda kusomea.

Sikusomea hilo. Nilikwenda kusomea fikihi na nahau. Lakini njiani kwenda darasani kulikuwa na duka la mpiga chapa, na nikawa nasimama pale kidogo kila asubuhi, kisha si kidogo. Ndiyo maana fikihi yangu ina matundu na chapa yangu ina madoa. Pale dukani niliona karatasi zenye picha zilizofuatana moja baada ya nyingine zikisimulia kisa, watu wakizishika na kucheka barabarani. Nikajiambia, Lamu ina visa kuliko Misri nzima, kinachokosekana ni jiwe tu.

Hayo yalikuwa miaka michache kabla ya vita vya Wajarumani. Tulikaa katika nyumba ya mjomba wetu, ndugu wa mama: mama, mimi, na dada yangu mkubwa ambaye alikuwa mjane. Mjomba alikuwa mwalimu, na chumba cha chini karibu na mlango ndicho alichosomeshea wanafunzi wake. Nilipomwomba chumba hicho kwa ajili ya jiwe, alifunga kitabu alichokuwa akisomesha. Kisha akawahamishia wanafunzi msikitini, vitabu vyake vikapandishwa juu, na akatupa sharti.

"Chumba chukueni. Lakini nisione humu kimepigwa chapa chenye roho, mtu wala mnyama. Siku nitakayoona, jiwe litarudi lilikotoka na wanafunzi wangu watarudi hapa. Na kila kazi nitaitazama mimi kwanza kabla haijatoka mlangoni."

Mimi nilikata tamaa pale pale. Kisa cha picha kisicho na mtu wala mnyama ni kama mchuzi usio na chochote ndani ya maji. Dada yangu hakukata tamaa, na hakuwa na nafasi ya kukata tamaa. Tangu afiwe na mumewe alikuwa akichora nakshi za kofia kwenye kitambaa, na wanawake wengine wakizishona. Kofia zake zilivaliwa mji mzima, Ijumaa ungeweza kuzihesabu vichwani mwa watu wakitoka msikitini, na hakuna aliyejua kuwa ni zake. Jiwe lile lilikuwa kitu cha kwanza katika maisha yake kilichoweza kusema "hii ni kazi ya fulani" na kulisema mara nyingi. Alitaka kubaki nalo.

"Sasa tutachora nini?" nikamwuliza. "Vikombe?"

"Viatu."

"Viatu?"

"Bwana Misri," akasema, na ndivyo alivyoniita nyumbani kila nilipokuwa mzito wa kuelewa, "weye umezoea kutazama watu nyuso. Sisi humu ndani twawajua wanaume kwa viatu. Nikiketi juu na mlango uko wazi, sioni kitu ila viatu vimewekwa pale dakani. Nami najua nani yuko ndani, kaja kwa shari au kaja kwa heri, na kama ataondoka mapema."

Nilidhani anajigamba. Akanipandisha juu kunionyesha. Kutoka pale alipoketi na kitambaa chake, lile daka letu la mlangoni, na mabaraza yake ya mawe na wageni wake wa kila siku, lilikuwa kipande kidogo cha sakafu na safu ya makubadhi. Akaanza kunisomea. Yule kisigino kimelika upande mmoja, ana deni la maneno na mjomba, atakaa. Yule kaazima viatu vya kaka yake, kaja kuposa. Yule kavua kule nje karibu na ndia, hajaamua kama ataingia. Nilishuka kumwamkia yule wa mwisho, nikakuta viatu vimekwisha ondoka.

Basi akachora. Kisa alikitunga mwenyewe. Mtu anapata mgeni. Picha ya kwanza ina makubadhi ya mwenyeji, ya Siyu, mazuri, kamba moja imeshonwa upya, na kando yake makubadhi mapana ya mgeni, na kikombe cha kahawa. Picha ya pili, mgeni ameegemeza mwavuli wake ukutani. Ya tatu, limekuja kasha lake. Kisha mkeka wake, viatu vya mti vya mkewe, mitalawanda, birika lake, tenga lake. Katika kila picha viatu vya mwenyeji vinasogea kidogo kuelekea nje, mpaka katika ya mwisho viko njiani, kando ya samadi ya punda, na daka lote ni la mgeni. Hapakuwa na neno hata moja. Nilipopendekeza maneno machache chini ya kila picha, kwa kuwa niliona nahau yangu inakaa bure, dada yangu alisema kama kiatu chake kitahitaji mkalimani basi amechora vibaya.

Nilisifu sana mwavuli. Nilimwambia ndiyo picha bora kuliko zote, kwamba unaonekana hasa mwavuli wa mtu fulani. Alinitazama kidogo, akasema asante.

Picha zote zilikaa kwa mstari mmoja juu ya karatasi ndefu ya kukunjwa mkunjo juu ya mkunjo, ufungue kuanzia kulia kama kitabu chochote cha heshima. Pembeni dada yangu alitia ua dogo la nakshi ya kofia. Hiyo ndiyo sahihi yake. Mimi nilijitwika jalada. Jiwe hugeuza kila kitu kama kioo, hivyo jina la kisa lilinibidi niliandike kinyume, kila herufi ikitazama ilikotoka. Nilitoka jasho. Nilitembea na kioo mkononi nikikagua nukta. Na jina lilipotoka kwenye karatasi likiwa sawa, limesimama, halina kasoro, nilijiona kuwa mtu wa kwanza katika nchi hii kulishinda jiwe.

Nilipiga chapa karatasi zote tulizokuwa nazo, nikazianika kwenye kamba kama kanga. Zilikuwa zimeletwa na meli kutoka Bombay na hapakuwa na nyingine. Mfungo Sita ulikuwa umeingia, wageni wa Maulidi wameanza kushuka kutoka Siyu na Pate na Kizingitini. Dada yangu alikuwa bado juu akivaa, nami natazama weusi wa wino kwenye picha moja moja, mjomba alipoingia kabla ya wakati aliosema. Akachukua moja, akaikunja, akaketi, akaifungua kuanzia kulia.

Picha ya kwanza aliyoiona ilikuwa viatu njiani kando ya samadi.

Hapo ndipo nilipofahamu. Dada yangu alichora juu ya jiwe kama achoravyo juu ya kitambaa, kulia kwenda kushoto. Jiwe likageuza. Nilikuwa nimekagua kila nukta ya jalada kwa kioo, na mpangilio wa picha zenyewe sikuutazama. Kisa chote kilikuwa kinakwenda kinyumenyume.

Nilisimama na wino mikononi. Mjomba alitazama picha baada ya picha bila haraka. Dada yangu alishuka, akaona karatasi kwenye kamba, akasimama karibu nami.

"Umeigeuza," akaninong'oneza.

"Uliyechora ni wewe."

"Nimechora kama nionavyo. Mwenye shahada ni weye."

"Tenga hili lina nini?" mjomba akauliza.

"Kuku, mjomba," dada yangu akajibu.

"Kuku ana roho."

"Ndiyo maana nimemfunika."

Mjomba aliinama tena juu ya karatasi, na nikaona ndevu zake zikitikisika. Alipofika mwisho, kwenye viatu vya watu wawili na kahawa, aliilaza karatasi magotini. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ile anayosomeshea:

"Kisa kizuri. Mtu ametolewa nyumbani kwake, amewekwa njiani na uchafu. Hakutukana, hakupiga mtu. Amesubiri. Mgeni akaona haya, akaondoa kitu kimoja kimoja, mpaka wakanywa kahawa kwa amani. Hii ni subira, wanangu. Sikujua kama subira yaweza kuchorwa." Akainuka. "Itoke."

Ikatoka. Wageni wa Maulidi waliichukua kwa mikono miwili, na wengi walikaa papo hapo barazani kuifungua. Mzee mmoja wa Mkokoni alitaka kujua yule mgeni alikwenda wapi baada ya kahawa. Watu walianza kukiita chumba chetu Chapa ya Viatu, jina ambalo sikulichagua, kwa kuwa nilikuwa nimeandaa la Kiarabu lenye maneno matatu marefu. Mjomba mwenyewe alikwenda na nakala yake barazani kila alasiri, akiwafafanulia wenzake subira picha kwa picha. Dada yangu alifanya kazi zake juu huku akiimba, lakini sikuthubutu kumwuliza anafurahia nini hasa, kazi yake kusifiwa au kisa chake kusomwa kinyume.

Kisha akaja karani wa forodha. Alikuwa mtu wa Mombasa, amesomea herufi za Kizungu, mpole, na jioni zake alikuwa akiketi na mjomba kwenye baraza la karibu na ngome. Siku hiyo mjomba alimpa ile karatasi ajionee. Karani akaifungua kuanzia kushoto, kama alivyozoea ofisini. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nikamwona akifika mwisho. Aliitazama bendera ya serikali iliyo juu ya ngome, akaitazama tena karatasi, akaikunja taratibu.

"Kisa kizito hiki, maalim," akasema. "Mgeni kakaribishwa kahawa, kamtoa mwenye nyumba."

"Hapana," mjomba akasema. "Anza huku."

"Nikianza kulia ni hivyo. Nikianza kushoto ni hivi." Akaomba aondoke na nakala. Aliitia ndani ya kanzu isionekane, si mfukoni.

Mjomba aliitwaa nakala nyingine, akaisoma kutoka kushoto, polepole, na nilimwona akisimama kwenye ile kamba iliyoshonwa upya. Kisha akatazama makubadhi yake mwenyewe, aliyoyavua chini ya baraza. Aliyavaa, akaenda nyumbani, nami nyuma yake, nikijua jiwe linarudi bandarini na dada yangu anarudi kwenye kofia za watu.

Alisimama dakani bila kuvua viatu. "Mwite dada yako."

Dada yangu alikuja, akaona karatasi mkononi mwake, akaona imekunjwa kwa upande gani.

"Hivi viatu ni vya nani?" mjomba akauliza.

"Vyako, mjomba."

"Na aliyetolewa nje ni mimi."

"Ni weye. Vitabu vyako viko juu, wanafunzi wako msikitini. Hukusema kitu. Nikaona niseme mimi."

"Na mgeni?"

Dada yangu aligeuza uso kidogo kuelekea ukutani, na mjomba akafuata macho yake, na mimi nikafuata ya mjomba. Mwavuli wangu mweusi wa Misri ulikuwa umeegemezwa pale pale, kwa pembe ile ile aliyoichora. Nilikuwa nimeusifu kwa siku kadhaa.

Mjomba alianza kucheka. Alicheka akishika ukuta, mpaka mama akatoka kuuliza nani kafa. Alipotulia alijifuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Sharti langu lilikuwa roho," akasema. "Kiatu hakina roho, hamkulivunja. Chumba ni chako," akamwambia dada yangu. "Nasema chako wewe. Huyu atakuwa anakupigia chapa, ukimhitaji." Kisha akavua makubadhi yake, akayaweka katikati ya daka, pale yalipokuwa kabla sijarudi, na yangu akayasogeza kwa kidole cha mguu mpaka ukingoni. "Na kamba imekatika tena. Mkichora tena, ichoreni kama ilivyo."

Tulichora tena, na kwa miaka kadhaa. Dada yangu alikuwa akiamua kwanza kisa kitasomwa upande gani, na mara nyingine alikitengeneza kisomeke kote kuwili kwa makusudi, na kila upande uwe na wasomaji wake. Hakuna nyumba ya chapa niliyoiona baadaye, hapa wala Misri, iliyojua kufanya hivyo. Nasema hivi bila haya, kwa sababu kazi haikuwa yangu.

Juzi juzi nilikwenda Kizingitini kwa shughuli ya arusi. Katika nyumba moja, juu ya mlango wa ndani, nilikuta karatasi yetu ya kwanza, imefifia, lile ua la kofia bado linaonekana pembeni. Nikamwuliza bibi mwenye nyumba ni ya nani.

"Ya Bi mmoja wa Lamu," akasema nyuma ya pazia. "Mama alikuwa akisema hajapata kutokea fundi kama yeye."

Sikujitaja. Niliposhika njia ya kutoka nilikuta makubadhi yangu yamekaa ovyo mlangoni, moja juu ya lingine. Nikainama, nikayapanga vizuri sambamba, ndipo nikayavaa. Kuna mtu ndani alikuwa anayasoma.